Jino la Kwanza

Fundi cherehani aliporudi kutoka kazini, alimkuta mwanawe ametulia mapajani mwa yaya, anatafuna kitambaa chenye baridi, udenda ukimchuruzika hadi kifuani.

"Njoo kwa mama."

Mtoto akaangua kilio. Mama akambembeleza, akamwimbia, akampitishia kidole kwenye ufizi uliovimba. Mtoto akakisukuma kwa ulimi, akamnyooshea yaya mikono yote miwili.

"Amezoea harufu yangu tu, dada. Atanyamaza," yaya alisema kwa upole.

Upole ule ndio uliomchoma. Wivu ukampanda.

"Kesho usije."

Yaya alijitanda mtandio wake, akavaa ndala. Mlangoni akageuka.

"Kitambaa kingine kiko kwenye friji. Usimsugue sana pale chini, jino limechomoza tangu juzi."

"Tangu juzi! Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka ulione mwenyewe. Jino la kwanza huonwa na mama."

Mama akasikia ndala zikishuka ngazi, moja baada ya nyingine. Akamkumbatia mtoto anayelia, akatoka mbio kumfuata, miguu mitupu.