Kamera ya Nyuma

Mzee Shemdoe alirudi na gari lake kwa fundi Kitwana, akamwomba aing'oe redio mpya na kuirudisha ile ya kiwandani, yenye kamera ya nyuma.

“Muziki umekuchosha, mzee?” Kitwana alitania, akilegeza skrubu.

“Siku ile ulipofunga redio hii ulisema kamera ni mapambo, vioo vinatosha.”

“Si vinatosha? Wazee wetu walirudi nyuma kwa kamera gani?”

“Mjukuu wangu alikuwa mfupi, fundi. Vioo havikumwona. Tumemzika Ijumaa.”

Kitwana aliziunga tena nyaya za kamera alizozikata kwa mkono wake mwenyewe.

Mzee akaingiza gia ya kurudi nyuma. Skrini ikawaka, ikaonyesha vumbi nyuma ya gari, hadi chini kabisa, peupe. Akaendelea kuitazama, mguu ukiwa umekanyaga breki.