Kompyuta ya Mheshimiwa Imekauka Sauti

Mtangazaji wa habari alifungua kinywa, akakifumba, akakifungua tena. Hakuna kilichosikika.

"Kompyuta imekauka sauti," alitangaza Mheshimiwa, mikono kiunoni.

Hakuwa mheshimiwa wa bunge wala wa baraza lolote. Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu mwenye ugonjwa wa kuhutubia, na jina hilo alibandikwa na familia. Mkewe alitoka jikoni akijifuta mikono. Alibofya alama ya spika pembeni mwa skrini: sauti ilikuwa juu kabisa. Akazigusa spika zenyewe, zile mbili ndogo zilizokaa kulia na kushoto. Taa ya kijani iliwaka vizuri tu.

"Na jioni binti yetu atapiga na mjukuu," alisema. "Ndiyo kwanza ameanza kuita babu. Utamwona anapanua mdomo tu, kama huyo mtangazaji."

Mheshimiwa aliizima kompyuta, akaiwasha. Kimya. Akaizima tena, akaipa muda wa kupumzika, akaiwasha kwa upole. Kimya kilekile.

"Mpigie mdogo wako," alisema mkewe.

Mheshimiwa alinuna. Mdogo wake alikuwa fundi wa mitambo ya sauti, na ndiye aliyefunga spika kwenye sherehe ya binti yao ya kuhitimu masomo. Siku hiyo Mheshimiwa alisimama kusema "mawili matatu." Alipofika kwenye habari za siku yake mwenyewe ya kwanza shuleni, huku wageni wakisinzia juu ya sahani, kipaza sauti kilikatika. Umeme ulikuwepo. Feni zilizunguka. Na fundi alionekana nyuma ya mitambo yake, akitazama dari kama mtu asiyehusika.

Tangu hapo ndugu hao hawakusemeshana. Sasa binti wa fundi alikuwa anaolewa Jumamosi, na Mheshimiwa, baba mkubwa wa bibi harusi, alikwisha apa kwamba hakanyagi pale mpaka aombwe radhi. Fundi naye alisema haombi radhi kwa kuokoa watu. Mke wa Mheshimiwa alikosa raha kabisa. Tumbo moja liwatoe, halafu waaibishane mbele ya wakwe!

"Mimi ndiye mkubwa," alisema Mheshimiwa. "Siwezi kuanza."

"Humpigii ndugu. Unampigia fundi."

Mheshimiwa alijipapasa kidevu. "Kama ni fundi, sawa. Lakini namba bonyeza wewe."

Simu haikulia mara mbili. Aliyepokea alikuwa mke wa fundi, na wala hakuuliza kuna nini. "Ngoja nimpe," alisema.

"Fundi," alianza Mheshimiwa kwa sauti ya ofisini. "Nina kompyuta."

"Hongera," ilijibu simu.

Mkewe alifumba macho.

"Haitoi sauti."

"Safari hii si mimi niliyezima."

Mheshimiwa alikohoa, kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

Wakaanza kazi. Fundi aliuliza kama sauti inapelekwa kwenye spika au kwenye skrini, akamwelekeza mahali pa kuangalia. Ilipelekwa kwenye spika. Aliuliza kama kuna aliyegusa mipangilio. Hakuna.

"Na ule waya mwembamba, unaotoka kwenye spika kuingia nyuma ya kompyuta?"

Mkewe, aliyekuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwenye nyaya hizo, ghafla alikumbuka sufuria jikoni.

"Huko nyuma nyaya zimejaa," alisema Mheshimiwa. "Na mgongo wangu unaujua."

Fundi aliusahau waya. "Bado unakusumbua? Uliuumiza siku ile uliyonibeba kutoka shuleni, mguu wangu umeteguka."

"Ulikuwa mzito. Tena uliimba njia nzima."

"Usiiname, kaka," alisema fundi, na sauti yake haikuwa tena ya kazini. "Nakuja."

Alipobisha hodi, shemeji yake alikimbia kumfungulia, akamshikilia mlangoni kwa salamu ndefu: habari za nyumbani, za maandalizi, za bibi harusi. Kabla hazijaisha, sauti ya mtangazaji ilivuma kutoka sebuleni hadi barazani.

Walimkuta Mheshimiwa ameketi wima kwenye kiti, akihema kidogo.

"Imepona yenyewe," alisema. "Imesikia daktari anakuja."

Fundi alizitazama nyaya. Akamtazama shemeji yake, ambaye tayari alikuwa anarudi jikoni. Akacheka mpaka akautua mfuko wa vifaa sakafuni.

"Kaka, Jumamosi nataka usimame useme."

"Dakika ngapi?"

"Tatu."

"Kumi."

"Tano. Na swichi ninayo mimi."

Jikoni, mke wa Mheshimiwa alifunga mlango na kumpigia mke wa fundi. Machozi yalimlengalenga kwa furaha.

"Yamekwisha," alinong'ona. "Wamekaa pamoja, wanagombania dakika."

Mwenzake nusura apige kigelegele. "Si nilikwambia mpango wetu utafaulu? Lakini wewe hodari! Uliuchomoaje ule waya bila shemeji kukuona?"

"Sikuuchomoa mimi," alisema mke wa Mheshimiwa. "Asubuhi nilipokwenda kuuchomoa, niliukuta umeshachomolewa, na shemeji yako yuko bafuni ananyoa ndevu, anapiga mluzi."