Kiwanja cha Mama Mkwe

Kabla Nicanor hajafungua mdomo, alikuwa ameshatiwa kuku mkononi.

"Omera, ndugu yangu, umechelewa," mama wa jikoni akamwambia, macho mekundu kwa moshi. "Misheni ilituahidi mpishi tangu asubuhi. Nyonyoa."

Gari la wazee wake wa posa lilikuwa limekwama matopeni huko Rangwe, naye akatangulia kwa miguu kutoa habari. Alipitia ua wa nyuma makusudi. Akikutana na mama mkwe uso kwa uso kabla ya wazee kuongea, posa imekufa na mchumba wake Zilpah amemkosa. Lakini mama mkwe si atakuwa nyumba kubwa, kajipamba, anangoja wageni? Jikoni ni salama kabisa. Akanyonyoa huku akipiga mluzi, maana furaha ilikuwa imempanda kichwani.

"Huyu bwana wa Zilpah," yule mama akauliza, "eti kazi yake ni kompyuta huko Nairobi. Ndio kufanya nini?"

"Mimi nasikia tu," Nicanor akajibu, lakini wapi, hakuweza kujizuia. Akaokota kaa, akachora sakafuni. "Mashine ina kumbukumbu kama shamba. Kila kazi inakatiwa kiwanja. Kinaanzia hapa, kinaishia hapa, nani aangalie, nani aguse. Yeye ndiye anaiandikia mashine hayo yote."

"Kumbe ni boma tu."

"Boma kabisa. Hapa simba, kile kibanda cha kijana, baba haingii. Na hapa mama mkwe. Mkwe haangalii, hagusi, hali naye."

"Na akiingia kwa makosa?"

"Mashine inasimama. Hakuna kitu kinasonga."

Yule mama akacheka mpaka akashika kiuno. "Maskini mama mkwe."

"Nasikia ni mkali kama pilipili."

"Mkali sana. Na huyo kijana naye, nasikia ni mifupa mitupu, hata kuku hajui kushika."

Wakacheka tena, Nicanor akachomeka unyoya nywelani, akaruka ngoma kuzunguka meko. Mama naye akaingia, mabega yakicheza, mwiko juu. Kisha akachota mchuzi, akaonja, akamsogezea mwiko huohuo. Nicanor akalamba wote.

"Tamu," akasema.

Mlangoni alikuwa amesimama Zilpah na mtungi kichwani.

"Nicanor," akasema polepole, "mbona uko na mama yangu?"

Mwiko ukabaki hewani. Wote wawili walikuwa ndani ya kile kiwanja cha makaa, na hakuna kitu kilichosonga.