Onyesho la Fundi Kesho

Gauni lilikuwa na mkono mmoja, na harusi ilikuwa Jumamosi.

"Kesho, bibie," alisema fundi, pini mdomoni. "Saa nne kamili. Nikidanganya nife."

"Hata wiki iliyopita ulisema ufe," alisema bi harusi.

"Na si uliona nilivyougua?"

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, naye aliitika bila haya. Tuseme ukweli, mkono wake ulikuwa mzuri: mshono ulinyooka, kola ilikaa. Shida yake ilikuwa kumaliza. Nyuma ya cherehani zilining'inia nguo arobaini na moja, zote zimeshalipiwa: suruali ya mguu mmoja, koti lisilo na mgongo, sare ya kwaya iliyosubiriwa mpaka kwaya ikavunjika.

Bi harusi alisimama mlangoni, machozi yakimlengalenga. "Leo Jumatatu, fundi. Ndugu zangu wameshaanza kuwasili. Unataka niolewe nimejifunga shuka?"

"Kesho," alisema fundi, kwa upole wa daktari.

Jumanne asubuhi alitokea mama mmoja mgeni, miwani puani, beji kifuani, faili kwapani. Alisimama mbele ya saluni, mkabala na kibanda cha fundi, akauliza kwa sauti ya kufika ng'ambo:

"Jamani, natafuta wasanii wa mji huu. Vipaji tunavyo hapahapa, lakini kutwa tunashangilia vya wenzetu! Ijumaa linafunguliwa onyesho la wiki mbili, na msanii bora atapewa zawadi. Nani msanii wenu mkubwa hapa?"

Kinyozi alizima mashine. Msusi aliacha kichwa cha watu nusu. Wote wakanyoosha vidole upande mmoja.

"Yule pale," alisema kinyozi. "Usanii wake naujua tangu Januari."

"Mimi kanifanyia usanii mara tatu," akadakia msusi. "Hana mpinzani."

Neno ni hilohilo moja, ukimsifu mchoraji au ukimtukana tapeli. Ila sikio la mtu husikia linachokipenda, na fundi alisikia sifa. Alitema pini zote, akajipangusa uso.

Mama wa beji aliingia kibandani, akapapasa koti lisilo na mgongo. "Mungu wangu! Kipaji kama hiki kimefichwa humu? Na hili jeupe?"

"La binti mmoja. Anaolewa Jumamosi."

"Hili ndilo litakaa katikati ya ukumbi. Ila kuna sharti, msanii. Waamuzi hawatazami kazi nusunusu. Nguo zote ziwe zimekamilika Alhamisi jioni."

Mdomo wa fundi ulifunguka wenyewe, kwa mazoea. "Kes..."

"Kama muda hautoshi, si neno," alisema mama akifunga faili. "Kuna fundi mwingine mtaa wa pili."

"Yule? Yule anayebandika vifungo kwa gundi?" Fundi alikuwa ameshakaa kwenye cherehani.

Mtaa haujawahi kuona mambo kama yale. Cherehani ilianza kulia asubuhi na ikaendelea kulia. Salamu zilimpita, hakuitikia. Chai ilipoa, akainywa na nzi wake.

Jumatano bi harusi alichungulia. "Gauni langu, fundi?"

"Gauni lako sasa ni sanaa," alijibu bila kuinua macho. "Haliguswi mpaka onyesho liishe. Wiki mbili tu."

Wiki mbili! Msusi alijishika kichwa, kinyozi akasogea tayari kwa kuamua ugomvi. Lakini bi harusi aliutazama ule mkono wa pili ukipita chini ya sindano.

"Sanaa ni sanaa, fundi," alisema, akaenda zake.

"Huyu binti kachanganyikiwa," alinong'ona msusi. "Harusi Jumamosi hii, na gauni linakwenda kutazamwa na watu!"

Ijumaa ukumbi wa mtaa ulijaa pomoni. Nguo zilipangwa kwenye kamba ndefu, kila moja na kikaratasi chake. Katikati lilining'inia gauni jeupe, limekamilika, zuri la kumliza mtu, na kikaratasi chake kiliandikwa HALIUZWI. Fundi alivaa suruali mpya ambayo pindo lake lilishikwa na pini. Ya kwake mwenyewe alikuwa amejiahidi kuimaliza kesho.

"Mlikuwa mkiniharakisha," aliuambia umati, sauti ikimtetemeka. "Sanaa haiharakishwi! Leo mmeona wenyewe."

Walimpigia makofi mpaka akalia. Machozi ya kweli kabisa, maana tangu azaliwe hakuwa amepigiwa makofi hata na mama yake.

Mama wa beji alisimama. "Wapenzi wa sanaa, wakati wa kumuunga mkono msanii wetu ndio huu. Sogeeni. Kila mtu achukue kazi inayomgusa."

Watu walisogea. Kinyozi aliguswa na koti. Msusi aliguswa na sketi ya bluu. Mwalimu mmoja aliguswa na suruali, ambayo sasa ilikuwa na miguu yote miwili. Kufumba na kufumbua, kamba ilikuwa tupu, na watu wanagombania mlango.

"Jamani, msiguse!" fundi alipiga kelele. "Waamuzi hawajafika!"

Bi harusi alipita wa mwisho, gauni limelala kifuani pake, anacheka mpaka meno ya nyuma. Alisimama mbele ya mama wa beji.

"Shangazi," alisema, "kumbe msanii ni wewe."

Mama alivua beji, akaitumbukiza mkobani, wakaongozana. Fundi aliwakimbilia, pini zikimchoma vifundoni.

"Mama! Mama, na zawadi yangu?"

Shangazi aligeuka, akamtazama kwa upole wa daktari.

"Kesho, fundi. Saa nne kamili. Nikidanganya nife."