Dubu wa Mama Ken

Jumanne asubuhi kile kinyumba cha kulishia ndege kilikutwa tena chini, paa upande huu, sakafu upande ule, na mtini kuna alama za makucha kana kwamba mtu amekwangua sufuria ya ugali.

"Mara ya pili wiki hii," alisema Zachariah, sare ya kazi bado mwilini. "Ya tatu ikifika, tumekwisha."

Hakutia chumvi. Mwenye nyumba wao, Arlene, mjane wa miaka sabini na tatu aliyekaa juu yao, alikuwa ameshatamka: dubu akirudi tena, anauza nyumba na kwenda kuishi na mwanawe Ken kule Saint Louis Park, kwenye maghorofa, ambako dubu hapandi lifti. Nyumba ikiuzwa, wapangaji wa chini watoke. Na wapangaji wenyewe ni Zachariah na mkewe Keziah, mwanafunzi wa unesi mwenye mimba ya miezi minane. Wangekwenda wapi na tumbo lile, katika mwezi ule?

"Kunywa," alisema Bi. Nkatha, mama yake Zachariah, akimsukumia mkaza mwanawe bakuli. "Dubu atangoja. Mtoto hangoji."

Keziah akanywa. Uji wa mtama mwekundu, mzito, umechachuka kidogo, vile vile kama wa nyumbani Meru. Bi. Nkatha alikuwa amekuja wiki sita zilizopita kumtunza mzazi, na tangu afike uji haukukosekana hata siku moja. Mtama aliusaga mwenyewe kwa blenda. Kanisani Saint Paul walimwonea Keziah wivu waziwazi. Rahab wa kwaya aliusaka mtama huo Minnesota nzima mpaka akanyoosha mikono.

"Mama mkwe wangu alijaza sanduku," Keziah aliwaambia, akijidai kidogo.

Bi. Nkatha na Arlene hawakuwa na lugha moja, lakini walipendana. Bi. Nkatha alimwita Mama Ken, maana mtu mzima haitwi kwa jina lake kama mtoto. Siku ya kwanza waliongea kwa mikono pale uani. Bi. Nkatha alichora tumbo kubwa hewani, akaonyesha kula, kula sana. Arlene akacheka, akaitikia kwa kichwa, kisha akamwonyesha kwa fahari kinyumba cha ndege alichojengewa na marehemu mumewe, akakifunua paa ili mgeni aone ndani.

"Mama Ken ni mtu," Bi. Nkatha alimwambia mwanawe jioni ile. "Na mimi nilidhani huku watu hawajaliani!"

Saa nne afisa wa wanyamapori akafika. Akapima alama za makucha, akazunguka mti, akavua kofia.

"Mtaa huu una vinyumba vya ndege kumi na kimoja," alisema. "Vyote vimejaa. Dubu huyu anavipita vyote anakuja hapa moja kwa moja. Mama, unaweka nini humu?"

"Chakula cha ndege! Mfuko ule ule wa dukani ambao kila mtu ananunua." Arlene alikuwa karibu kulia. "Tena hawa ndege wangu wana njaa ya ajabu. Najaza asubuhi, saa kumi hakuna punje."

"Basi usijaze. Dubu akikuta patupu mara moja, atahama."

Zachariah akakigongelea kinyumba misumari mipya. Arlene akakifuta kwa kitambaa, ndani na nje, wakakitundika. Zachariah alichungulia mwenyewe kuhakikisha, kisha akashuka kumpasha mama yake habari.

"Leo hakuna kitu mle, Mama. Hata punje moja. Kimetundikwa kitupu."

Bi. Nkatha akaguna. "Kitupu? Aibu gani hii!"

"Aibu ya dubu hiyo, si yetu," alisema Zachariah, akaenda kulala kabla ya shifti. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo alilala kama gogo.

Jumatano aliporudi kutoka kazini, kinyumba hakikuwepo mtini kabisa. Kilikuwa kwenye bonde nyuma ya nyumba, vipande vitatu. Arlene alisimama uani na koti lake la safari, simu sikioni, akimwambia Ken aje na gari kubwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Keziah alikuwa amekaa ngazini, mikono tumboni.

"Lakini kilikuwa kitupu!" Zachariah alipiga kelele, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. "Nilikiona kwa macho yangu! Kitupu!"

Bi. Nkatha, aliyekuwa mlangoni na bakuli la uji, alimtazama mwanawe kwa huzuni ya mama anayegundua kwamba malezi yake yalikuwa na kasoro.

"Wewe Zachariah, nilikulea mimi au ulilelewa na fisi? Wiki sita nachota mtama wa mama wa watu pale mtini, mkeo anakunywa uji, halafu chombo chake nikiache kitupu? Kila jioni namwekea mandazi manne, nimeyachovya asali. Jana hakuwa na mtama wa kunipa, masikini, nikamwekea vilevile."

Arlene akashusha simu, akafuta macho. "Anasema nini mama yako?"

Zachariah akachungulia ndani ya bakuli la uji.

"Mwambie nafurahi anavyoyapenda," alisema Bi. Nkatha, akimpungia Mama Ken mkono kwa tabasamu. "Hajawahi kubakiza hata moja. Leo nitamwekea sita."