Walichokubali Bima

Mhudumu wa bima, dada mpole mwenye miwani, alimrudishia Saumu kadi yake na kumweleza kwa sauti ya chini.

"Matibabu ya kutafuta mtoto hatulipii, dada yangu. Hata kutoa uvimbe wa kwenye kizazi peke yake ili upate kushika mimba, hatulipii. Ila daktari ameandika kwamba unavuja damu sana. Kutoa kizazi, hiyo tunalipia."

"Kizazi chote?"

"Chote. Hata wiki ijayo."

Saumu akashukuru. Akaitia kadi mkobani, akatoka nje. Mumewe, Shomari, alikuwa akimsubiri juani, shati limemganda mgongoni.

"Wamekubali?" akauliza.

Saumu alitaka kumweleza yote, lakini alipomtazama usoni, neno moja tu ndilo lililomtoka.

"Wamekubali."

Shomari akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Kisha akampigia simu mama yake, akampa habari huku akicheka na kulia, halafu akamnyooshea mkewe ile simu. Vigelegele vilisikika hata kabla Saumu hajaiweka sikioni.