Ruhusa ya Landrova

Jumanne, tarehe 15 Mei 1973, saa tatu asubuhi, Eliezeri alisimama mbele ya meza ya meneja wa shamba la mkonge, kofia ameishika kwa mikono miwili, anaikamua kama nguo mbichi. Kule kambini mkewe Koleta alikuwa na uchungu siku ya pili, na mkunga alishasema neno lake la mwisho: "Huyu ni wa kupasuliwa. Hospitali ya Gonja, tena leo hii."

Landrova la shamba lilikuwa pale nje, tangi limejaa.

"Pole sana, ndugu," alisema meneja, Bwana Lugano. "Lakini enzi hizi za Mwongozo wa TANU, gari si langu, ni la umma. Nilibeba humo mbuzi wawili tu wa harusi, ninyi wafanyakazi mkanifungia geti siku tatu mkiniimbia nyimbo. Na sauti yako niliisikia. Leo nisaini safari ya mtu binafsi? Nenda Utumishi."

Ofisa utumishi, Method, aliisoma karatasi ya safari mara mbili. Akaandika "Nimeona", akairudisha kwa ncha za vidole kama anayeshika kaa la moto.

"Kuona, nimeona. Kuidhinisha si kazi yangu. Kamuone mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi."

Mwenyekiti, Yahaya, alikuwa kiwandani, mashine zinanguruma, ikabidi apige kelele. "Sisi tunalinda tu mali, hatugawi ruhusa! Meneja aandike kwanza, halafu tutamuunga mkono!"

Eliezeri akarudi mbio kwa meneja. Meneja ameshaondoka na gari la wageni, yuko mkutanoni Same. Akaketi kwenye ngazi ya ofisi, karatasi juu ya goti. Ikagonga saa sita. Ikagonga saa saba.

Jirani yake, Asnath, akaja anakimbia, kanga inamvuka. "Baba Wema, mwenzio anakuita!"

"Mwambie imebaki saini moja."

Saa kumi Asnath alikuja tena. Safari hii alikuja akitembea.

Eliezeri hakuvuka darasa la pili, lakini kuhesabu waliomuua mkewe hakukumshinda: walikuwa watatu, na wote walikuwa na meza au cheo. Alimwambia hivyo kila aliyekuja matangani. Watu wakatikisa vichwa, wakasema wakubwa ndivyo walivyo.

Wiki tatu baadaye ikaja tume kutoka mkoani, ikakaa kwenye ukumbi wa kambi. Eliezeri alisimulia mlango kwa mlango, hakuruka hata mmoja. Bwana Lugano akatoa waraka unaomkataza kutoa gari kwa safari binafsi. Method akaonyesha neno lake, "Nimeona", lenye tarehe na saa. Yahaya akatoa daftari la kamati. Mkuu wa tume akayapanga makaratasi, akavua miwani.

"Naona kila mmoja alifuata utaratibu."

"Utaratibu!" Eliezeri aliruka kutoka kwenye benchi. "Mnalindana, nyie! Mmoja anamtupia mwenzake, mwenzake anamtupia mwingine, mtu anakata roho! Angekuwepo mmoja tu, mmoja, asiyeogopa kuja kuulizwa, Koleta wangu angekuwa hai!"

Ukumbi ukaguna kwa kumuunga mkono. Bwana Lugano aliinamia viatu vyake.

Ndipo akainuka bibi Rogathe, mama yake Koleta, aliyeteremka kwa miguu kutoka Vudee tangu alfajiri. Yeye hakuwa na karatasi. Alingoja hadi kelele zikaisha.

"Kweli kabisa, mkwe wangu, mmoja tu angetosha," alisema taratibu. "Lakini Baba Wema, dereva wa Landrova hilo si ni wewe? Funguo ulishinda nazo mfukoni tangu asubuhi. Ulikuwa unamsubiri nani?"